Kipande cha Mwisho Kwenye Benchi

Nyumbani, kwenye kona ya karakana,
Jumamosi, kabla misumeno haijaanza kelele.

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo Kaka. Natumaini barua hii itakukuta umesimama wima, umeshiba, na nyusi zako zote mbili ziko mahali pake, maana Mama haishi kuniuliza kama cheche za kuchomelea hazijakuunguza uso. Miwani unavaa? Anasema uvae. Anasema hata kama wenzako hawavai, wewe uvae, kwa sababu hao wenzako hakuwazaa yeye. Huku sote tu wazima. Bibi magoti yanamsumbua kukiwa na baridi, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote, na bado anaamua kesi zote za mtaa bila kuinuka kwenye kiti. Mama hajambo, mikono yake ina rangi ya vanishi mpaka kwenye viwiko kama ulivyomwacha. Baba naye hajambo. Najua usingeuliza, kwa hiyo nimekujibu kabla.

Kaka, nina habari! Nina habari kubwa mpaka kalamu inanitoroka. Lakini nakujua, wewe barua unaanza kuisoma mwisho, kama ulivyokuwa unamaliza nyama kwanza halafu unatukodolea macho sisi wenye zetu. Safari hii usiruke hata mstari. Ningekupigia simu, ila kwenye simu wewe ni mtu wa “sawa, sawa, haya” halafu umekata, na habari hii si ya sawa-sawa. Ndiyo maana nimeandika, na dereva wa lori la mbao ameapa kwamba Jumatatu atakukabidhi mkononi, si kwa mlinzi wala kwa jirani.

Unakumbuka matokeo yangu yalipotoka nilikutumia ujumbe mrefu, ukanijibu kwa neno moja tu, “Mashine!” Nililionyesha neno hilo kwa kila mtu. Basi baada ya furaha ikaja kazi ya kuchagua vyuo, na kumbe mtihani ulikuwa bado. Unatakiwa kujaza vyuo vitano kwa mpangilio, kuanzia kile unachokitamani kuliko vyote mpaka kile cha kujishikiza. Kompyuta inaanza na cha kwanza. Ukiwa na sifa zake imekuchukua hapo hapo, haina habari tena na vinne vilivyobaki. Kwa alama zangu mimi, chuo chochote nitakachokiweka mbele ndiko nitakakopelekwa. Kwa hiyo lile swali la kipi kitangulie lilikuwa ndiyo maisha yangu yenyewe, na nyumba nzima ikalijua hilo, na nyumba nzima ikaingia ulingoni.

Bibi alitaka niwe muuguzi. Alisema amechoka kudungwa sindano na watu wasiomjua, wanaomchoma huku wakiongea na simu, na kwamba mjukuu atamdunga kwa adabu. Mama alitaka chuo cha ualimu, kwa kuwa kiko karibu na nitakuwa nalala nyumbani. Hakusema kwa sauti, lakini kila tulipokaa kula alianza kusifu jinsi walimu wanavyoheshimika. Shangazi alifunga duka lake la vitambaa mapema, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa msiba, akaja kutuambia kwamba mhasibu hachafuki, hanyeshewi na hafukuzwi. Mwalimu wangu wa hesabu alipendekeza chuo cha ufundi cha hapa mjini, kozi ya ujenzi. Hivyo vikawa vinne.

Cha tano ndicho changu, Kaka. Chuo cha usanifu wa majengo. Wewe unajua tangu zamani nilivyokuwa nachora nyumba kwenye mabaki ya mbao, halafu Baba anakuta amempelekea mteja kabati lenye ghorofa mbili zimechorwa mgongoni. Niliona picha za chuo hicho kwenye ubao wa matangazo shuleni. Kina karakana ndefu yenye madirisha juu, na humo wanafunzi hujenga kwanza nyumba ndogo kwa mikono yao, za mbao na chuma, ndipo wanaruhusiwa kuzichora kubwa. Nilisimama mbele ya picha ile mpaka kengele ikalia na nikapewa adhabu, na adhabu nikaifanya nikitabasamu.

Ila chuo hicho kilikuwa na kasoro moja tu. Kiko huko mjini kwenu.

Nikukumbushe hali ya hapa, maana wewe uliondoka na ugomvi wako wa mlango, sisi tukabaki na kimya. Tangu siku ile mliyogombana kwa sababu ya mlango wa yule mteja, wewe ukisema wa chuma ungemfaa zaidi, Baba akisema madhali anapumua hakuna mlango wa chuma utakaotoka karakana hii, na wewe ukasema basi atatoka mtu, mji huo hautajwi nyumbani kwetu. Hata redio ikitangaza hali ya hewa ya kwenu, Baba anakumbuka gundi yake ghafla na kutoka nje. Akilazimika kukusema anasema “yule wa chuma.” Nawe ulimwambia Mama hutakanyaga hapa mpaka Baba akuite kwa kinywa chake mwenyewe. Mtoto wa nyoka ni nyoka! Mmefanana mpaka mnavyokaza taya. Na yule mteja, kama hukusikia, alikwenda kutengenezewa mlango kwingine, tena wa plastiki.

Jambo moja sijawahi kukuambia. Aproni yako ipo palepale msumarini. Siku moja niliivaa maana yangu ilikuwa imelowa, Baba akainua macho kwenye randa, akasema hiyo ina mwenyewe. Nikaivua.

Sasa rudi kwenye vyuo. Jumapili moja mchana ubishi ulifika mahali Bibi na Shangazi hawakuwa wanasemeshana ila kupitia kwangu. Baba, ambaye siku zote hizo alikuwa amenyamaza kama hayupo, akainuka akatuita karakanani. Unamjua Baba, hawezi kuwaza kitu asichoweza kukishika. Alichukua mabaki ya mbao, akakata vipande vitano vilivyolingana, akanipa ile penseli yake bapa niandike kila chuo kwenye kipande chake. Vinne niliandika haraka. Kwenye cha tano, jina la mji wenu nililiandika dogo kabisa, herufi zimebanana kama zimejificha mvua. Baba alikisoma. Hakukohoa, hakutoka nje. Alikiweka na wenzake kwenye benchi la kazi.

Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini. Bibi alikuwa anasukuma uuguzi mbele kwa mkongojo. Shangazi anaurudisha nyuma kwa kidole kimoja, akijifanya anaangalia kucha zake. Mama alishika kitambaa anafuta vumbi la benchi, na kila akifuta ualimu unasogea kidogo. Mimi nilikuwa na kipande changu moyoni lakini mkono wangu haukuthubutu. Mwishowe Baba akasema inatosha, kila mtu atoe mikono kwenye benchi lake, yeye ndiye baba wa nyumba na yeye ndiye atakayepanga.

Alivipanga polepole, kutoka kushoto kwenda kulia. Uuguzi. Uhasibu. Ualimu. Ufundi wa hapa mjini. Kile kipande chako, nakiita chako, alikishika muda mrefu kuliko vyote. Alipitisha kidole gumba ukingoni, akakuta kijiti kimechomoza, akachukua msasa akakilainisha, akakipuliza. Halafu akakiweka mwisho kabisa, kulia, baada ya vyote. Akasema hivyo ndivyo, na nisibadilishe hata kimoja. Akarudi kwenye kazi yake.

Bibi alipiga vigelegele. Mimi nilikwenda nyuma ya rundo la mbao nikalia, tena nililia vibaya, maana maranda yalinishika usoni yakagoma kutoka. Mimi muuguzi, Kaka! Mimi ninayezimia nikimwona kuku anachinjwa! Nikajiambia Baba amempa mama yake heshima, na cha huko kwenu amekitupa mwisho kwa kinyongo chake na wewe. Nilimkasirikia Baba, na nisikufiche, nilikukasirikia na wewe pia. Nilisema fahali wawili wanapigana, nyasi ni mimi. Mama alikuja kunitoa maranda kwenye nywele, akaniambia nisishindane na baba yangu, Mungu ana njia nyingi. Nikajibu kwamba zote kumbe zinapitia hospitali.

Kesho yake niliweka vipande vyangu kwenye mfuko nikaenda kwa yule dada wa kompyuta, karibu na duka la viatu, anayepiga picha za vitambulisho. Ana kucha ndefu zinazogonga kama mvua juu ya mabati akiandika. Nilivitoa vipande kimoja kimoja kwa mpangilio wa Baba, yeye akajaza. Cha kwanza uuguzi. Cha tano usanifu. Aliniuliza kama naupenda sana uuguzi, nikasema sana. Akaniambia nikibadili mawazo dirisha la kurekebisha liko wazi hadi Ijumaa jioni, baada ya hapo maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia mimi sina mawazo ya kubadili, mawazo yamepangwa benchini. Akabonyeza, ikaenda.

Wiki hiyo Bibi aliniita “daktari wangu” mbele ya kila aliyepita. Alianza hata kukunja mkono wa gauni kuniandalia bega. Nami nilikuwa nacheka naye, halafu naenda kumwaga maji yasiyohitaji kumwagwa, ili nipate pa kuficha uso.

Ijumaa mchana Mama alikuwa anamalizia kabati la mwenye duka la dawa, akaniomba nimsaidie kupiga msasa. Unajua utaratibu wa nyumba hii. Baba humpangia Mama misasa yake benchini kabla ya kazi, na hakuna anayeruhusiwa kuichanganya. Mama aliniambia nimpe wa kwanza. Nikaenda nikachukua wa kushoto, ule mkali unaochubua vidole. Nikampa. Baadaye akataka unaofuata, nikampa. Na unaofuata. Nilipofika wa mwisho, ule laini kabisa kule kulia, ule ambao ukiusugua shavuni huumii, mkono ukaganda hewani.

Kaka, mimi nimezaliwa kwenye vumbi la mbao! Wewe mwenyewe ulinipa jina la Randa kwa sababu simpiti mtu bila kumkwangua kidogo. Misasa ile nimeiona ikipangwa hivyo tangu najua kutambaa, mkali kushoto, laini kulia. Shule ilinifundisha namba moja ni bora, nami nikalisoma benchi la Baba kwa macho ya shule. Tena nilikuwa nimeshajiandaa kukataliwa, kwa hiyo nikaona kukataliwa.

Mama aliniuliza kama nimechomwa na msumari. Nilikwenda kwa Baba, alikuwa anaunga miguu ya kochi, gundi bado mbichi mikononi, nikamuuliza vile vipande vya vyuo alianzia wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa juu iko wapi. Akasema kazi yoyote inaanza na mkali inamalizika na laini, mkali ni wa kuondoa yasiyotakiwa, na kile cha mwisho ndicho mteja anachokigusa, ndicho kazi yenyewe. Akaniuliza kama nilitaka aanze na laini amalize na mkali, hiyo itakuwa meza gani. Ndipo nikamweleza jinsi kompyuta inavyosoma. Nilimweleza mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa naongea na kulia pamoja.

Baba aliuliza kama ina maana nimeomba kuwa nesi. Nikasema ndiyo, Baba. Akauliza dirisha linafungwa lini. Nikasema leo jioni.

Aliacha gundi mbichi. Nakuandikia tena ili uamini: Baba, aliyekukatalia usiende kwenye mpira kwa sababu ya gundi, aliiacha gundi mbichi kwenye mguu wa kochi la watu, akaukamata mkono wangu tukatoka mbio. Aproni kiunoni, penseli sikioni, maranda yanadondoka nyuma yake mtaa mzima. Bibi alipaza sauti kutoka kitini kuuliza moto uko wapi. Nilitazama nyuma nikamwona Mama amesimama mlangoni, msasa laini mkononi, anacheka na kufuta macho.

Tulimkuta dada wa kompyuta ameshika kufuli. Alisema amefunga, mtandao umemchosha siku nzima, turudi kesho. Baba alikuwa anahema. Akamwambia, “Mwanangu, nifungulie, nimekosea mimi.” Kaka, umewahi kusikia Baba akisema amekosea? Mimi sijawahi, na nina masikio makubwa kuliko yako. Nilimtazama kama nimeletewa baba mwingine. Dada yule naye nadhani aliona kitu, akafungua.

Baba alivipanga vile vipande upya kwenye meza ya kompyuta, kutoka mwisho kuja mwanzo. Dada akauliza cha kwanza kipi. Nikafungua mdomo nijibu, Baba akanitangulia. Alitaja jina la chuo, halafu akalitaja jina la mji wenu, Kaka, lote, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja mahali anapopajua. Mimi nilishika kiti.

Mtandao nao ukaamua kututesa. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Baba akauliza kinaranda nini kwa muda wote huo. Dada alicheka mpaka kucha zikagongana. Bibi angekuwepo angekichapa mkongojo. Jua lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye viatu vya dukani pale jirani ndipo maandishi yakatokea kwamba mabadiliko yamepokelewa. Baba alimwomba dada asome tena. Akasoma tena. Akamwomba aseme cha kwanza ni kipi. Akasema. Baba akavikusanya vipande vyake akavitia mfuko wa aproni.

Tulirudi tunatembea taratibu. Nilimuuliza kwa nini aliona kile ndicho laini kuliko vyote. Alisema ni kwa sababu kina karakana, na mtu akichora nyumba kabla ya kushika mbao huchora milango inayokwaruza sakafu. Nikadhani amemaliza. Tulipita duka la viatu, tukapita kinyozi, tukapita pale wanapouza magodoro, ndipo akasema, huku anatazama mbele, “Na kule una mtu.”

Nilimshika tu mkono wenye gundi iliyokauka, na yeye hakuutoa.

Mguu wa kochi ulikauka umepinda. Alichukua patasi akaanza kuubandua ili auunge upya, na alikuwa anapiga mluzi.

Sasa hapa ndipo kwenye habari, na kama umeruka ukaja moja kwa moja hapa, rudi juu haraka, sikusamehe. NIMEPATA, KAKA! Nimepata! Majibu yametoka jana asubuhi. Chuo cha usanifu wa majengo, chaguo la kwanza, na jina langu lipo, nimelisoma kwa kidole herufi kwa herufi. Dada wa kompyuta alipiga kelele mpaka muuza viatu akaja na kiatu mkononi akidhani ni mwizi. Nilikimbia nyumbani sijui nilipita wapi. Mama alinikumbatia kabla ya kunawa, na sasa blauzi yangu nyeupe ina viganja viwili vya vanishi mgongoni. Amesema ataitoa kwa mafuta ya taa. Nimekataa, nakuja nayo hivyo hivyo. Bibi alinuna kwa muda wa kunywa chai moja, kisha akasema basi nimchoree nyumba isiyo na ngazi hata moja, na choo kiwe karibu na kitanda. Shangazi amesema wasanifu nao wanahitaji wahasibu, kwa hiyo hajashindwa.

Kaka, nina raha ambayo sijui niiweke wapi. Nalala nayo, naamka nayo, nikifagia karakana nafagia mahali pamoja mpaka Mama ananiita. Lakini ndani ya raha hiyo kuna jambo nililolifanya, na lazima nikuambie kabla dereva wa lori hajaja.

Jana mchana tukiwa mezani, Baba alisema atanileta mwenyewe. Mama aliacha kutafuna. Baba akaendelea kula, halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya misumari, nani atatupokea huko stendi. Nikasema Kaka. Akauliza kama umesema hivyo mwenyewe. Nikasema ndiyo. Nikasema umesema utakuwa umesimama pale kabla basi halijazima injini.

Hukusema, Kaka. Hukuwa hata unajua. Nimekusingizia. Niliona kijiko cha Baba kimesimama njiani kikisubiri jibu langu, nikaogopa kwamba nikisema sijui, atasema basi tutajitafutia njia, na nyinyi wawili mtaendelea kusubiriana mpaka mmoja wenu azeeke na mwingine atangulie. Nilipomjibu akasema vizuri, akaomba maji. Sasa uongo wangu uko mikononi mwako, na wewe peke yako ndiye unayeweza kuufanya uwe kweli. Tunakuja Jumamosi ijayo kwa basi la asubuhi. Usinijibu, barua yako haitawahi. Wewe uwe tu umesimama pale. Najua ulisema mpaka akuite kwa kinywa chake. Mimi nilikuwepo aliposema “una mtu.” Kama huko si kukuita, basi sijui Baba anaitaje.

Tena kuna kitu anakuja nacho. Unaukumbuka ule ubao mpana alioulaza juu ya dari, ambao tulikatazwa hata kuuegemea, akisema unasubiri kazi yake? Ameuteremsha. Ameanza tangu Jumamosi ile baada ya kompyuta, kabla hata majibu hayajatoka. Ni meza yangu ya kuchorea, Kaka. Ameipiga misasa yote kwa zamu, na wa mwisho hakumwachia Mama, amepiga mwenyewe. Ukiweka kiganja juu yake hutataka kukiondoa.

Lakini haina miguu. Mama alipomuuliza miguu iko wapi, alisema meza yenye miguu itasumbua kwenye basi. Mama akasema angeweza kuitengeneza ya kufungua. Baba akafuta penseli yake kwenye aproni kwa muda, kisha akasema meza ya kuchorea haitakiwi kutikisika, miguu yake inafaa iwe ya chuma, na yeye chuma hakijui. Kule yupo anayekijua.

Mama alikwenda nje kuanika kitambaa kilichokuwa kikavu.

Basi nakomea hapa, lori nimelisikia linapiga honi kwenye kona. Bibi anakusalimu na anasema ukondefu si uzuri. Mama anakusalimu mara nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba, na anarudia: miwani. Shangazi anauliza shati ulilovaa kwenye ile picha ulilinunua wapi, kwa sababu rangi yake haikukubali. Wasalimie wenzako kazini, waambie dada yako anakuja na watakoma.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, msanifu mtarajiwa,

Randa

Kaka, nimefungua tena bahasha. Baba amepita akaniuliza namwandikia nani, nikasema wewe. Amesimama hapa mlangoni kitambo. Amesema miguu uipige rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuifunga, kwa sababu kutu hupanda na kuula ubao kwa chini, na urefu anakuachia wewe upime. Nimemuuliza kama niandike kwamba ni yeye aliyesema. Amesema niandike kwamba ni baba yako anayesema.